Namba Kumi na Saba kati ya Mia Mbili

Lori lilikuwa limeshatia gia ya pili, nami nimeshajipatia pembe nzuri ya kuegemea kati ya makreti matupu ya soda, niliposikia mtu ananiita kwa nyuma. Alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, mkaguzi wa mizani mstaafu. Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akiharakisha hata mvua ikimnyeshea, na sasa alikuwa juu ya baiskeli ya jirani, viatu vya ofisini miguuni. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine ameunyanyua hewani kama shahidi anayekula kiapo. Kidole gumba cha mkono huo wa kiapo kilifungwa leso nyeupe, na weupe wa leso ulikuwa unapungua.

"Kiguu na Njia," alisema alipofika ubavuni mwa lori, akihema. "Shuka."

"Shemeji, nimeshaaga."

"Hujaaga kitu. Shuka."

Dereva alikuwa amenipa lifti kwa sharti moja tu, nisimsimulie habari za maisha yangu, na nadhani nilikuwa nimeshaanza kulivunja. Alisimamisha lori kwa furaha ambayo hakuificha. Nikashuka na mfuko wangu.

Nilijua kilichomleta. Nilikuwa nakijua tangu jana yake saa tisa alasiri, na ndiyo maana nilikuwa juu ya lori saa moja asubuhi badala ya kungoja chai.

Niwaeleze utaratibu wangu. Wenye hekima walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sisubiri jembe. Nimelala kwenye nyumba za watu miaka arobaini na kitu, na mfukoni sijawahi kuwa na cha kumtunza mwenyeji, ila nina kinoo. Ni jiwe la pande mbili, upande wa kukwaruza na upande wa kulainisha, nilirithishwa na mnoa visu mmoja niliyemsukumia baiskeli yake misimu miwili. Kabla ya kuondoka kwenye nyumba yoyote, nanoa kila chenye makali ndani yake. Visu vya jikoni, mkasi, panga, fyekeo, hata wembe wa babu kama bado yupo. Nimelaumiwa kwa mengi, lakini hakuna mwenyeji aliyewahi kusema Kiguu na Njia kaniachia kisu butu.

Basi jana yake nilikuwa nimemaliza visu vitatu vya jikoni na mkasi wa mdogo wangu. Yeye alikuwa barazani anasuka kichwa cha mtu. Shemeji alikuwa amekwenda kunyoa, kwa sababu kesho yake kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja. Nikapita chumba cha mbele, nikaliona kabati la kioo, ufunguo uko kwenye kitasa, ndani kuna visu vya mfukoni kumi na viwili vimelala kwenye kitambaa cha mahameli kama watoto wachanga wa hospitali ya matajiri.

Chumba hicho chenyewe kilikuwa na kesi. Ndicho chumba pekee ndani ya nyumba chenye mlango wa barabarani, bomba la maji, sinki na dirisha la mwanga wa maana. Mdogo wangu ni msusi. Kwa miaka tisa alikuwa anasuka barazani, yeye na mteja wake wakihama na kivuli kama mshale wa saa, na mvua ikinyesha wanahamia jikoni, nywele zinaingia kwenye chai. Miaka tisa hiyo hiyo visu kumi na viwili vilikuwa vinakaa kwenye chumba chenye bomba. Sijui vilikuwa vinanawa nini.

Vilikuja kwa posta, kimoja kimoja, kutoka kwenye klabu ya wakusanyaji ambayo shemeji alijiunga nayo siku chache baada ya kustaafu. Katalogi yao nimeisoma. Inasema kila kisu ni toleo maalumu, vimetengenezwa mia mbili tu, kila kimoja kina namba yake, mpini ni pembe ya nyati iliyong'arishwa kwa mkono, chuma kimefuliwa na wahunzi wa vizazi saba, na hakitatengenezwa tena kamwe. Hilo la mwisho walilipigia mstari, kana kwamba kuna watu mahali fulani walikuwa wanaandamana kitengenezwe tena.

Nikachukua namba kumi na saba. Hicho ndicho alichokuwa anakipenda kuliko vyote. Nikapitisha kidole kwenye makali. Kilikuwa butu kama kijiko. Kwa mnoaji, kisu cha thamani kisichokata ni kama ng'ombe wa maziwa asiyekamuliwa, huruma inakushika hata kama si wako. Nikalowesha jiwe.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Chuma kizuri kikipita juu ya kinoo kinasema. Kina mlio mwembamba, na kinakubishia kidogo, unahisi kwenye kiganja. Hiki hakikusema neno. Nilikuwa kama mtu anayepaka siagi. Mara kumi kila upande kikawa na makali ya kunyolea, na chuma kinachotiwa makali upesi hivyo kinayapoteza upesi vilevile. Lilikuwa bati la kopo lililopelekwa shule.

Ndipo nikainua macho nikaona ukutani fremu yenye kanuni za klabu. Mimi shule nilisoma kwa vipande. Darasa la kwanza nilisoma mji mmoja, la tatu mji mwingine, la pili sikulikuta popote. Kwa hiyo nina tabia ya kutenda kwanza na kusoma baadaye. Kanuni ya kwanza ilisema: *Kisu kilichonolewa hakithaminiwi.*

Nikakaa kwenye kiti nikafikiri. Mgeni wa kesho alikuwa mthamini wa klabu. Mezani mchana ule nilikuwa nimeshasikia dau lenyewe likiwekwa, tena mbele ya shahidi, karani mmoja wa posta aliyekuja kusukwa. Mdogo wangu alisema, "Mthamini wako akisema ni halisi, chumba ni cha visu mpaka tufe, sitalitaja tena. Akisema ni bandia, chumba ni changu kesho yake." Shemeji akasema, "Hewala." Akasema kwa sauti ile ile aliyotumia miaka thelathini kuwafungia watu maduka kwa jiwe la mizani lililokwanguliwa. Mji mzima ulikuwa unajua kwamba huyo mtu hadanganyiki. Wauza sukari walikuwa wakimwona anavuka barabara wanaanza kuongeza kiganja bila kuambiwa. Na mtu huyo alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa posta, mara kumi na mbili.

Kisu cha kwanza nilikinoa kwa ujinga. Kumi na kimoja vilivyobaki nilivinoa kwa makusudi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mthamini ataona vimenolewa, atafunga daftari, ataondoka. Shemeji atabaki na hazina iliyoharibiwa na shemejiye mpumbavu, jambo ambalo ni heshima kabisa kulisimulia. Na mimi nitakuwa mbali, lawama hainiongezei uzito wa mfuko.

Nilisahau kitu kimoja tu, kwamba mwenye kabati ataviona kwanza.

Tulirudi kwa miguu, yeye akikokota baiskeli.

"Umevinoa," alisema.

"Nimevinoa."

"Namba kumi na saba."

"Na wenzake wote. Sikutaka wapishane."

"Nilikuwa nakipangusa tu. Kwa kitambaa laini. Kimenikata mpaka kwenye mfupa."

"Miaka tisa hakijakata kitu, shemeji. Kilikuwa na hamu."

Hakucheka. Tulitembea kipande. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma mezani kwa hakimu, "Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hivyo ndivyo walivyokufundisha, sivyo? Sasa nisikilize. Kwetu sisi wakusanyaji ni kinyume. Ambaye kisu chake hakijawahi kugusa nyama, ndiye mwenye kisu."

"Na nyama anakula nani?"

"Nyamaza, shemeji."

Nikahamishia mfuko bega la pili.

Barazani mdogo wangu alikuwa ameshaanza kazi. Karani wa posta alikuwa amerudi kumalizia, kwa sababu jana giza liliwakuta kichwa kiko nusu. Upande wa kulia alikuwa na misuko safi imelala kama mistari ya daftari, upande wa kushoto zimesimama zote kama zimesikia habari.

"Kaka," mdogo wangu alisema bila kuinua macho, "mimi miaka yote hii nakutetea. Nasema kaka yangu ana miguu tu, akili anayo. Leo nitasemaje?"

"Sema ana kinoo."

"Visu vyenyewe vile nilikuwa napeleka mimi kwenye dirisha la vifurushi," karani akaingilia. "Nasema huyu mzee anapata nini kila mara kizito hivi. Kumbe anasubiri kukatwa."

"Wewe tulia nisije nikakosea mstari."

"Mama, mimi nina ruhusa ya saa mbili tu ofisini."

"Ofisi haitakimbia. Kwanza ikikimbia utaiona, upande mmoja nimeshakutoa nywele usoni."

Mthamini akaja saa nne kamili. Alikuwa mtu mwembamba, amevaa suti ya rangi ya majivu, ana sanduku lenye vifungo vya shaba ambalo alilibeba kwa mikono miwili, na ana mafua. Mafua ya kweli, ya macho kuvimba na leso mkononi. Aliingia akapiga chafya, akaomba radhi, akapiga nyingine. Akavaa glovu nyeupe. Akawasha taa yake ndogo mezani ingawa jua lilikuwa limejaa chumbani kote. Mdogo wangu aliingia nyuma yake, mikono bado iko kwenye kichwa cha karani, wakatembea pamoja kama watu wanaobeba kitanda, kwa sababu msuko ulikuwa katikati na haukuweza kuachwa.

"Shahidi wa dau," karani alieleza. Mthamini aliinamisha kichwa kana kwamba kwake kila kabati huwa na mtu wa kichwa nusu.

Akaanza na maboksi, maana ndiko wanakoanza. Aliyapima pembe kwa rula, akanusa karatasi ya ndani, akakumbuka kwamba hanusi, akaacha. Kisha vyeti. Kisha namba: iko kwenye shina la ubapa, pale unapoingia kwenye mpini, na akaitazama kwa lenzi aliyoibana kwenye jicho.

"Ya kugongwa kwa nyundo," alisema. "Bandia nyingi namba huwa imechorwa juu juu tu. Hii imegongwa. Namba ya kisu, namba ya boksi, namba ya cheti, zote kumi na saba. Vizuri sana."

Shemeji alivimba kidogo ndani ya koti lake. Nami nikajisemea moyoni kwamba tapeli anayejua kazi hata nyundo anayo. Vyeti vile vilikuwa halisi kuliko visu.

Kisha akakifungua kisu karibu na sikio, akausikiliza ule mlio wa springi kama daktari. Akatikisa ubapa kushoto kulia. Akageuza makali kwenye taa. Akatulia. Akavua lenzi.

"Nani amekinoa?"

Chumba kizima kikanitazama, karani akitazama kwa upande aliowekwa.

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kilikuwa butu."

Mthamini aliketi. Nimeona watu wakipewa habari za msiba wakiwa na rangi nzuri zaidi. "Miaka kumi na nne nafanya kazi hii," alisema, "nimeona kutu, nimeona mpini uliotafunwa na mbwa, nimeona mtu aliyefungulia chupa. Sijaona mtu aliyenoa mkusanyiko mzima kwa mpangilio." Akalifikia daftari lake. "Kanuni ya kwanza iko wazi. Thamani imekwisha. Nafunga."

Basi, nilisema moyoni, nimewavusha.

"Hufungi," alisema mdogo wangu.

Mthamini akamtazama.

"Sisi hatukuuliza thamani," alisema. "Tumeuliza kama ni halisi au bandia. Hilo ndilo dau. Mtu akimpiga mtoto wako, bado ni mtoto wako. Sitaki kupewa chumba kwa ajili ya upumbavu wa kaka yangu, baadaye nikaambiwa nilipewa kwa bahati mbaya. Nataka kwa haki au nisipewe. Sema ni nini."

"Mama watoto, ni halisi," shemeji alisema.

"Aseme yeye."

Sijui kama umewahi kuona mpango wako mzuri ukifa mikononi mwa mtu mwenye haki. Hakuna kinachoua kama haki. Nilimkonyeza mdogo wangu. Akaniuliza kama nina kitu jichoni.

Mthamini akakuna shavu. "Uhalisi ni jambo jingine, kweli. Kimebaki kipimo kimoja, cha mpini." Akatoa sindano kwenye sanduku lake. "Pembe ni jamaa ya nywele na kucha. Sindano ya moto ikigusa pembe, mahali pasipoonekana, inatoa harufu ya nywele zilizoungua. Ikigusa plastiki inatoa harufu ya plastiki. Hakuna cheti kinachoweza kubishana na hiyo." Akapiga chafya. "Tatizo ni kwamba leo pua yangu haifanyi kazi. Nitahitaji pua ya mtu. Mwenye visu hapana, ana maslahi. Huyu mnoaji hapana, sitaki hata kumsikia."

Akamgeukia mdogo wangu, na nikaona amefurahi, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Wewe mama ndiye unayepata chumba vikiwa bandia. Kwa hiyo ukisema ni pembe, hakuna atakayeweza kukubishia. Na kazi yako ni nywele."

"Miaka ishirini na minane," alisema mdogo wangu. Alitoa kiberiti cha gesi kwenye mfuko wa aproni yake, kile anachochomea ncha za nywele za bandia zisifumuke. "Tumia hiki."

Mthamini akapasha sindano ikawa nyekundu. Akaigusisha chini ya mpini wa namba kumi na saba, karibu na msumari. Ukatoka uzi mmoja wa moshi.

Mtu asiyewahi kukaa nyumba ya msusi labda asingejua. Lakini ndani ya chumba kile hapakuwa na mtu wa namba hiyo. Ilikuwa harufu ile ile inayojaza baraza lile kila jioni mdogo wangu anapochoma ncha, harufu ya nywele za pakiti, tamu-tamu, ya plastiki, inayokaa kooni. Karani alikuwa amechomwa ncha za upande wa kulia jana yake tu. Mimi nilikuwa nimelala siku nne dirisha langu likiwa juu ya baraza. Na shemeji alikuwa amekula, amelala na amezeeka ndani ya harufu hiyo miaka ishirini na minane. Hakukitazama kisu. Alikuwa anatazama fremu ya kanuni ukutani, amesimama wima, mikono nyuma, kidole chenye leso kimejitenga na vidole vingine. Nikaona pua yake inacheza. Halafu ikaacha.

Tulikuwa watu wanne wenye pua na mmoja mwenye daftari.

Mdogo wangu alimtazama mumewe mgongoni. Alimtazama kwa muda. Kisha akatazama sinki, na bomba, na dirisha lenye mwanga, akavitazama vyote kwa zamu kama anayeaga abiria.

"Nywele," alisema.

"Una hakika?"

"Mzee, mimi na hii harufu nani mkubwa? Inanuka nywele. Kama nikimpitishia mtu chanuo la moto likazidi."

"Lakini mama," karani akaanza, "hii si ndiyo ile ya jana ya…"

Mkono wa mdogo wangu ulikuwa bado kwenye msuko. Ulisogea kidogo tu. Karani akafumba macho, chozi likamtoka.

"Tulia mwanangu, nitakuvuta bila kupenda."

"Huyu naye anasemaje?" mthamini akauliza, kalamu tayari.

"Nasema nywele," karani alijibu. "Nywele kabisa. Tena nazihisi zikitoka."

Funika kombe mwanaharamu apite. Mthamini aliandika kwa raha kubwa, akasema kwa sauti anachoandika: mpini pembe halisi ya nyati, umethibitishwa na shahidi wa fani ambaye ushahidi wake ni kinyume na maslahi yake mwenyewe. Alisema katika kazi yake hajapata ushahidi safi kama huo. Akaandika pia: daraja la nne, vimeharibiwa na mnoaji asiyejulikana. Nikampa jina langu; akasema si lazima.

Mlangoni alisimama akaniona nimetoa kisu changu, namenya chungwa. Kisu chenyewe nimekaa nacho tangu ujana, mpini umefungwa waya, ubapa umekwisha kwa kunolewa mpaka unafanana na unyoya. Tabia ikamshinda, akakichukua, akakiweka kwenye lenzi.

"Hakina namba," alisema. "Hakina boksi. Hakina cheti. Mpini umefungwa na waya wa nini?"

"Wa ua wa kuku."

"Hakina thamani yoyote," akanirudishia.

"Ndiyo maana kinakata," nikamwambia, na nikampa kipande cha chungwa kwa ajili ya mafua yake. Akakikataa kwa sababu ya glovu.

Gari lake likaondoka. Karani alijishika kichwa.

"Umeshinda, baba watoto," mdogo wangu alisema mwishowe. "Chumba ni chako. Sitakitaja tena." Akamsukuma karani mbele yake kurudi barazani, na jua lilikuwa limeshafika kwenye viti. Nikawasikia wanavuta viti kukimbiza kivuli.

Shemeji alibaki amesimama. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi ambayo mshtaki ni yeye na mshtakiwa ni yeye. Nilianza kusema neno la kufariji, nikashukuru Mungu kwamba sikulipata.

"Kanuni ya tisa," akasema.

"Ya tisa inasemaje?"

"Visu vya daraja la nne haviwekwi kwenye kabati la maonyesho. Vinatolewa. Chumba cha maonyesho kinafungwa." Alisema akiwa ameitazama fremu. "Kanuni ni kanuni. Mimi sikuziandika."

Fremu ilikuwa mbele yangu. Nimeshawaambia kwamba naweza kusoma, japo kwa kuchelewa. Kanuni zilikuwa nane.

"Kweli," nikasema. "Iko pale pale chini."

"Basi shika upande huo."

Tuliliinua kabati. Lilikuwa zito kwa kitu kisichobeba kitu. Tulipofika kwenye mlango wa ndani, nyuso zetu zikiwa zimekaribiana juu ya kioo, alisimama kana kwamba anapumzisha mgongo.

"Shemeji. Ulipokuwa unanoa, chuma kilikuwaje?"

"Laini kidogo."

"Kidogo."

"Kama siagi kidogo."

Akatikisa kichwa kama alivyokuwa akifanya muuza duka akimwambia jiwe la mizani limeliwa na panya. "Shika vizuri," akasema, "mlango ni mwembamba."

Alipotoka barazani kumwambia mkewe kwamba klabu imemlazimisha kuacha chumba, mdogo wangu aliuliza, "Kanuni gani hiyo?" Akamjibu, "Ya tisa." Naye hajawahi kwenda kuihesabu mpaka leo, ingawa fremu ilikaa ukutani wiki nzima baada ya hapo.

Nilikaa siku tatu zaidi kwa sababu lori halikurudi. Yaliyowapata wenyewe ni haya.

Karani wa posta alimaliziwa kichwa siku hiyo hiyo saa nane. Alichelewa kazini, akaandikiwa barua ya onyo, akaisajili mwenyewe kwenye kitabu cha barua zinazoingia. Bado anasukwa pale, sasa anakaa chini ya dirisha.

Mthamini alipona mafua. Taarifa yake kuhusu shahidi wa fani ilichapishwa kwenye jarida la klabu, na mwaka uliofuata alichaguliwa mwenyekiti. Klabu ilihamisha sanduku lake la posta mara mbili, kisha barua zikawa zinarudi.

Mdogo wangu aliweka viti viwili, kioo kirefu na kikaushia nywele kimoja kwenye chumba cha mbele. Mvua ikinyesha hahami. Hajazungumzia visu.

Shemeji aliondoa mahameli kwenye kabati, mkewe akaweka humo chanuo na mafuta. Visu viligawanywa. Viwili vilipewa wajukuu wakavipoteza. Kimoja kilipinda kwenye kopo la maziwa. Vingine viko jikoni, vinanolewa kila wiki kwa sababu havishiki makali, na anayevinoa ni shemeji mwenyewe. Nilimwachia upande mmoja wa kinoo changu, tulikipasua katikati kwa patasi. Namba kumi na saba kinakatia nyuzi na nywele za pakiti saluni. Kidole gumba kilipona, kina alama.

Dereva wa lori alinipitia siku ya nne. Sharti lake likawa lile lile.